Nyumbani nani anakuuguza?

Hotuba kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, walimu, mabalozi na wazazi, mkoani Kagera. Tunaiweka yote hapa kwa ajili ya ambao hawakuweza kufika.

Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Asalaam aleikum. Wazee wangu, shikamooni.

Ndugu mwenyekiti wa kijiji, ndugu mtendaji, viongozi wa dini, walimu, wahudumu wa afya, mabalozi, akina mama na akina baba. Nanyi wanafunzi mliokaa pale chini ya mwembe, ambao habari ya leo inawahusu kuliko mtu mwingine yeyote hapa: nawasalimu wote.

Naanza na swali. Mgonjwa wa kifua kikuu akifika kituoni anaulizwa mambo mengi. Anaulizwa jina, umri, kitongoji. Anaulizwa amekohoa kwa muda gani, kama anatoka jasho usiku, kama amepungua. Anapimwa uzito, anapimwa makohozi, anapimwa VVU. Anaulizwa anaishi na watu wangapi. Yote hayo ni sawa. Lakini nani hapa amewahi kumsikia akiulizwa: nyumbani nani anakuuguza?

Nani anakuamsha umeze dawa? Nani anakuchotea maji ya kuoga? Usiku kikohozi kikikubana ukataka kuketi, nani anakushika mgongo?

Tukiuliza hivyo, katika nyumba nyingi kuliko tunavyopenda kukiri, jibu litakuwa: mjukuu wangu, yuko darasa la tano.

Visa nitakavyosimulia leo nimevivua majina. Ni mambo yanayojirudia nyumba hata nyumba. Ukihisi nimeisema nyumba unayoijua, basi anza na hiyo.

Sisi wa Kagera hatuwezi kujifanya wageni wa jambo hili. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa katika mkoa huu mwaka 1983, enzi hizo watu wakiuita Juliana. Dawa za kufubaza virusi, yaani ARV, zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004. Hesabuni: miaka 21. Katika miaka hiyo 21 nani alikuwa akiuguza? Baba alitangulia, mama akafuata, na aliyekorogea wote wawili uji akawafulia shuka alikuwa mtoto. Baadhi yenu mlioketi hapa ndio mliokuwa watoto hao. Kule Nshamba, wilayani Muleba, yatima waliunda umoja wao wenyewe, wakauita Vijana Simama Imara, wakawa wanasaidiana na kuweka akiba. Jina hilo walijichagulia watoto.

Neno langu leo ni moja. Mtoto anayeuguza yupo. Kumnyang'anya kazi yote haiwezekani katika kaya ya bibi na mjukuu peke yao, na mara nyingi mtoto mwenyewe hakubali, kwa sababu anampenda bibi yake. Kumwachia kazi yote ni kumtupa. Kilichobaki ni kugawa: hii ya mtoto, hii ya mtu mzima, na hii mtoto asiiguse kabisa. Lakini mtagawaje kazi ambayo hamjauliza nani anaifanya?

Tuanze na hewa.

Yuko binti wa miaka kumi na mmoja anayeishi na bibi yake. Bibi amegundulika ana kifua kikuu cha mapafu. Ndugu wamekuja, wamekaa kikao, na wameamua jambo: bibi atengewe vyombo. Ana sahani yake, ana kikombe chake cha bati, na kikombe kimepakwa rangi ya kucha kwenye mkono ili kisichanganywe. Wamefanya hivyo kwa nia njema. Halafu usiku unaingia, na binti analala kitanda kimoja na bibi, ili bibi akitaka maji awe karibu. Dirisha limezibwa kwa gunia kwa sababu ya baridi na mbu.

Mmeona kosa liko wapi? Kifua kikuu hakipiti kwenye sahani. Hakipiti kwenye kikombe, wala kwenye nguo, wala kwa kupeana mikono. Kinapita hewani. Mgonjwa wa mapafu akikohoa, akipiga chafya, akiimba, hata akizungumza, anatoa vitone vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na chumba kikiwa kimefungwa vitone hivyo vinaelea kwa saa kadhaa. Nyumba hii imefunga mlango ambao ugonjwa haupiti, na imeacha wazi ule unaopita.

Basi lifanyike nini? Kwanza kabisa dawa zianze, kwa sababu hakuna kinachomlinda mtoto kuliko mgonjwa aliyeanza tiba. Dawa zikiwa sahihi na zikimezwa kila siku, uwezo wa kuambukiza unashuka haraka, na kwa walio wengi wiki mbili za mwanzo zinaleta tofauti kubwa. Nimesema kwa walio wengi. Mwenye vimelea sugu hahesabiwi hivyo, ndiyo maana mtoto anarudi kulala karibu na mgonjwa pale mhudumu wa kituo anaposema, na si pale familia inapoona kikohozi kimepungua.

Katika kipindi hicho mtoto alale chumba kingine. Kama chumba ni kimoja, alale kwa shangazi au kwa jirani. Balozi, hapo ndipo unapohitajika. Kama hata hilo halipo, kitanda cha mgonjwa kisogezwe dirishani, gunia litolewe, mtoto alale upande wa mlango, na chandarua kifanye kazi ya mbu. Mchana mgonjwa akae nje, kibarazani au chini ya mti. Hewa ya nje inatawanya vitone, na jua linaua vimelea. Mtoto akimletea uji akae upande upepo unakotoka. Barakoa avae mgonjwa. Nasisitiza hilo, kwa sababu watu wanamfunga mtoto kitambaa usoni na kumwacha mgonjwa wazi. Barakoa ya kawaida kazi yake ni kuzuia vitone pale vinapotokea, mdomoni mwa anayekohoa.

Makohozi yatemwe kwenye kopo lenye mfuniko, lifunikwe muda wote, na mgonjwa mwenyewe alimwage chooni, au mtu mzima. Kopo hilo si kazi ya mtoto. Vilevile siku mgonjwa anapotoa makohozi ya kupimwa asubuhi: atoke nje, awe peke yake. Kukohoa kwa nguvu ili kutoa kitu kifuani ndiko kunakomwaga vitone vingi kuliko wakati wowote, na ndipo utamkuta mtoto amesimama mbele yake kashika kile kikopo.

Na usiku je? Bibi akihitaji msaada? Mwekeeni kando ya kitanda kopo lenye kokoto. Akilitikisa, atasikika chumba cha pili. Hiyo kokoto imemwondoa mtoto kitandani.

Sasa mtoto mwenyewe. Kila anayeishi na mgonjwa wa kifua kikuu cha mapafu anatakiwa kuchunguzwa, na wa chini ya miaka mitano atangulie, kwa kuwa kwake ugonjwa unakimbia na unaweza kupanda hadi kwenye utando wa ubongo. Mama atasema, “Mwanangu alichanjwa BCG, ana kovu begani.” Ni kweli, na ni vizuri, lakini chanjo ile ya kifua kikuu inamkinga mtoto mdogo zaidi dhidi ya zile aina kali. Haimfanyi ashindwe kuambukizwa. Kwa hiyo achunguzwe. Msisubiri akohoe kama mtu mzima. Mtoto mwenye kifua kikuu anaweza kuonyesha tu kwamba haongezeki uzito, ana homa za jionijioni, amepoa, hachezi na wenzake. Na mtoto mdogo hatemi makohozi, anayameza. Ndiyo maana siku hizi hata choo chake kinaweza kupimwa kwa mashine ya GeneXpert. Msishangae mkiambiwa mlete choo.

Akionekana hana ugonjwa, anapewa dawa kinga. Kwa watoto wengi ni rifampisini na isoniazidi, kila siku, miezi mitatu, vidonge vidogo vinavyoyeyuka kwenye maji na vina ladha ya matunda. Mtoto anayetumia ARV anaweza kupangiwa dawa tofauti, mwacheni daktari apange. Kwa nini lazima achunguzwe kwanza? Kwa sababu dawa kinga ni mbili, na mgonjwa kamili anaanza na nne. Ukimpa dawa mbili mtoto anayeumwa tayari, unavipa vimelea nafasi ya kuzizoea. Ndiyo maana bibi kumgawia mjukuu vidonge vyake, kwa huruma tu, ni hatari kwa wote wawili.

Jambo la pili ni mamlaka. Hapa wazee wangu naomba mnisikilize kwa moyo.

Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulianza mwaka 1977. Mambo yaliyojaribiwa hapa Tanzania, daktari Karel Styblo akiwa mshauri, ndiyo yaliyokuja kufuatwa na dunia: tiba fupi, na mtu wa kumshuhudia mgonjwa akimeza dawa. Zamani wagonjwa wengi walilazwa miezi miwili ya mwanzo, nesi akipita kitanda hadi kitanda na trei yake. Baadaye tiba ikahamia nyumbani. Ni hatua nzuri, mgonjwa anaponea kwake. Lakini ile kazi ya nesi ilipohamia nyumbani, nani aliipokea?

Yuko kijana wa miaka kumi na mitatu, anaishi na mjomba wake. Mjomba yuko kwenye dozi. Kituoni walisema awepo wa kumsimamia, mjomba akasema, “Nina kijana nyumbani,” na ikaandikwa. Miezi miwili ya mwanzo ikaenda salama. Mwezi wa tatu mjomba amepata nguvu, anarudi kilabuni kunywa rubisi, na asubuhi moja kijana anakuta vidonge vimetupwa mgombani. Anavitambua kwa rangi. Anaviokota, anavifuta udongo, anavitia mfukoni. Halafu anafanya nini? Hafanyi kitu. Amwambie nani? Akimsema mjomba, ni mtoto asiye na adabu. Akienda kituoni, ni mchongezi. Akinyamaza, ndiye aliyeandikwa kwenye kadi.

Je, kijana huyu ndiye aliyeshindwa? Ni sisi tuliompa cheo bila mamlaka. Sisi wenyewe tumemfundisha kwamba mtoto hamwamrishi mkubwa, kisha tukamwambia amwamrishe mkubwa kumeza dawa kwa miezi sita. Msimamizi wa tiba awe mtu mzima. Narudia: msimamizi wa tiba awe mtu mzima. Akikosekana ndani ya nyumba, awe jirani, awe mhudumu wa afya, awe mzee wa kanisa au wa msikiti ambaye mgonjwa anamheshimu. Mtoto anaweza kukumbusha saa, anaweza kuleta maji ya kunywea, anaweza kupiga alama kwenye kalenda kila asubuhi. Naye atajiwe mtu mmoja, kwa jina, mgonjwa mwenyewe akiwepo na akisikia: “Siku mjomba asipomeza, utamwambia mama fulani, na hilo halitaitwa uchongezi.” Likisemwa mbele ya mgonjwa, mtoto anapata ruhusa. Likisemwa pembeni, anapewa mzigo wa pili.

Na mwelezeni mtoto huyu dawa zinafanya nini, kwa sababu ndiye atakayeona kwanza. Tiba ya kawaida ni miezi sita: miwili ya dawa nne, kisha minne ya dawa mbili. Idadi ya vidonge inafuata uzito, hivyo mjomba na jirani wanaweza kupewa hesabu tofauti na wote wakawa sahihi. Mkojo utageuka rangi ya chungwa, hata machozi na jasho. Ni rifampisini, haina madhara. Lakini nyumba isiyoambiwa hilo inadhani ni damu, na dawa zinaachwa kwa hofu. Kichefuchefu ni cha kawaida siku za mwanzo. Ganzi miguuni inatokana na isoniazidi, na kuna vitamini ya kuizuia, aseme kituoni. Macho kuwa ya manjano, kutapika kusikokoma, kuona ukungu au kushindwa kupambanua rangi, upele unaovimbisha mdomo, kukohoa damu, kuhema kwa shida, kuchanganyikiwa: hapo hakuna kusubiri tarehe ya kliniki. Na pombe pamoja na dawa hizi inaliumiza ini, mjomba aambiwe waziwazi, tena aambiwe na mtu mzima mwenzake.

Kuna mtego mwingine ambao hauzungumzwi vya kutosha. Mgonjwa mwenye kifua kikuu na VVU pamoja, anayetumia kidonge kimoja cha ARV chenye dolutegravir, kwa kawaida huongezewa kidonge cha dolutegravir peke yake, saa kumi na mbili baada ya kile cha kwanza. Sababu ni kwamba rifampisini inaipunguza nguvu dolutegravir mwilini. Sasa mtoto aliyezoea kwamba mama anameza mara moja tu kwa siku anaona kopo la pili, anadhani ni la akiba, analiweka juu kabatini. Mkiongeza dawa, mweleze anayepanga dawa. Na anayepanga dawa ni nani? Mmeona swali letu linavyorudi.

Nakuja kwenye mikono, na hapa nitakwenda polepole.

Yuko mama amelala kitandani, UKIMWI umemfikia mbali kabla hajaanza dawa. Ana kidonda kiunoni, na anaharisha. Binti yake wa miaka kumi na miwili anamsafisha. Amepewa glovu kutoka kituoni. Glovu ni za mkono wa mtu mzima. Vidole vya mpira vimemzidi, ncha zinaning'inia, kitambaa kinamteleza, na kila akikunja mkono glovu inavuka. Mwisho anaivua anaendelea na mikono mitupu. Mkono huo juzi ulikatwa na kisu akimenya ndizi.

Kwanza tumpunguzie hofu isiyo na sababu. VVU haviambukizi kwa kulishana, kwa kukumbatiana, kwa kufua nguo, kwa jasho wala machozi. Mtoto anaweza kumkalia mama yake mapajani. Hatari iko kwenye damu na majimaji yenye damu yanapokutana na jeraha, na kwenye vyenye ncha. Kinyesi na matapishi navyo vina vimelea vyake vya kuhara, hata kama VVU si tatizo hapo.

Kwa hiyo mgawanyo ni huu. Kusafisha kidonda, kufuta damu, kubadilisha nguo zenye damu au kinyesi ni kazi ya mtu mzima. Kumwogesha mzazi maungo ya siri si kazi ya mtoto, na hapa hata mila zetu ziko upande wetu. Binti kumwogesha baba yake ni jambo linalowavunja heshima wote wawili, na hakuna anayepona kwa kuvunjwa heshima. Zamani tulifundisha kwamba kama glovu hakuna, vaa mfuko wa rambo mkononi. Tangu mifuko hiyo ipigwe marufuku Juni 2019 haipatikani kirahisi, basi ombeni glovu kituoni, na ombeni namba ndogo. Mtu mwenye kidonda mkononi akifunge plasta, na siku hiyo mwingine afanye kazi hiyo. Glovu inavuliwa kwa kuipindua, ndani ije nje. Kisha mikono inaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka. Kibuyu chirizi kinatosha.

Damu ikimwagika sakafuni, jiki ya asilimia 3.5 inachanganywa kopo moja kwa makopo sita ya maji. Soma chupa kwanza, kwani si jiki zote zina nguvu sawa. Mimina, subiri dakika kumi, ndipo ufute. Changanya ya siku hiyo tu, kwa sababu nguvu yake inapotea. Usiichanganye na dawa nyingine yoyote ya kusafishia, inatoa hewa yenye sumu. Na anayechanganya ni mtu mzima. Mtoto aliyemwagikiwa na jiki machoni ni mgonjwa wa pili katika nyumba ambayo haikuwa na nafasi ya mgonjwa wa pili.

Kila mtu na wembe wake. Mtoto akichomwa na sindano au wembe wenye damu, aoshe palepale kwa sabuni na maji yanayotiririka. Asikamue. Asipake jiki. Aende kituoni siku hiyohiyo. Dawa za kuzuia VVU visishike zinapaswa kuanza mapema iwezekanavyo, zisizidi saa 72, na zinamezwa siku 28. Kinachoharibu hapa ni woga: mtoto anaficha kwa sababu anaogopa kugombezwa, saa 72 zinapita. Mwambieni mapema, siku njema, kwamba akichomwa hatagombezwa.

Kumgeuza mgonjwa. Mtu asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili, la sivyo nyama inayobanwa na mfupa inaoza. Mtoto akijaribu peke yake atamwinua kwa kumshika kwapani na kuvuta. Mgongo wa mtoto unaumia, na ngozi ya mgonjwa inachubuka kwenye shuka. Fanyeni hivi. Kunja shuka mara mbili, lipitishe chini ya mgonjwa kuanzia mabegani hadi chini ya makalio. Watu wazima wawili, mmoja kila upande. Kunja goti la mguu wa upande ule mwingine, laza mkono wake kifuani. Shuka livutwe, mgonjwa anaviringika kuja kwako kama gogo linaloviringishwa taratibu, bila kuinuliwa. Hapo mtoto ana kazi yake: anashika mto wa nguo kuukuu, anausukuma nyuma ya mgongo mgonjwa asirudi, na mwingine mdogo kati ya magoti. Kisha tazama visigino, nyonga na kifandugu. Vitabu vingi vinasema tafuta wekundu. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Tafuta palipokoza rangi kuliko pembeni, pabonyeze uone kama pana joto au pamekuwa pagumu. Hapo pasilaliwe tena.

Kuna magonjwa ambayo mgawanyo huu haupo. Machi 2023 homa ya Marburg ilitangazwa katika mkoa wetu, na Januari 2025 ikatangazwa tena, Biharamulo. Homa kali ya ghafla, kutapika, kuhara, kuvuja damu: mtoto asiguse, na mtu mzima naye asiuguze nyumbani. Mgonjwa abaki mahali pamoja, pigeni 199, ni bure. Akifariki, asioshwe na ndugu. Najua linauma. Ugonjwa huu unawachukua hasa wale waliouguza na wale walioosha.

Sasa ukweli. Yuko mtoto wa miaka tisa anayetumwa kila mwezi kuchukua mfuko wa dawa za mama kwa mama mdogo. Karatasi ya kwenye kopo imebanduliwa kwa kucha, imebaki gundi. Anaambiwa ni dawa za malaria. Lakini mtoto huyu ameugua malaria mwenyewe, alimeza siku tatu akapona. Mama anameza mwaka wa pili. Anajua anadanganywa, hajui anadanganywa juu ya nini, na akili yake inajaza pengo: labda mama anakufa, labda ni mimi nilimletea.

Mwambieni kwa kadiri ya umri wake. Mdogo wa miaka sita: mama ana wadudu mwilini, dawa inawalaza, ugonjwa huu hukuusababisha wewe, na unaweza kumkumbatia. Wa miaka kumi na kuendelea anaweza kuambiwa jina la ugonjwa, jinsi unavyoambukiza na usivyoambukiza, na nani mwingine anajua, ili ajue anaweza kuongea na nani. Mama ndiye mwenye siri, hivyo yeye ndiye aseme, au aruhusu isemwe. Mhudumu asimtangulie.

Walimu, kwenu nitakuwa mfupi kwa kuwa mnayajua. Mtoto anayechelewa kila siku lakini si Jumamosi ya usafi. Anayesinzia saa ya pili. Anayekosa siku moja kila mwezi, tarehe ileile. Tarehe hiyo ni siku ya kliniki ya mtu. Msimchape. Mwulizeni faraghani: nyumbani nani anaumwa? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na inamlinda dhidi ya kazi zinazoharibu afya na masomo yake. Jambo likizidi shule, ofisa ustawi wa jamii yupo, na namba 116 ya simu kwa mtoto ni bure. Kliniki nazo zikiombwa zinaweza kumpangia mgonjwa tarehe ya likizo, au jirani akamsindikiza.

Wahudumu wa afya, mna madaftari ya kaya za wagonjwa walio kwenye dozi sasa hivi. Msisome jina hata moja hapa. Kuanzia kesho mkipita, ongezeni swali lile, andikeni jibu na umri wake pembeni, na kama ni chini ya miaka 18, msiondoke hapo kabla hamjapata jina la mtu mzima wa kuandika juu yake. Mabalozi, watakuja kwenu kuomba jina hilo.

Mkeka na shuka viko hapa mbele, baada ya maswali tutafanya lile zoezi la kugeuza, na kila mhudumu atalifanya kwa mikono yake. Maswali yenyewe naomba yaanzie chini ya mwembe. Wakubwa tusubiri kidogo.